Marekebisho Stahiki Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi Wenye Ulemavu wa Dar es Salaam

Maswali yaliyomo humu yameulizwa na wafanyakazi wenzetu wa kampuni kubwa za jiji la Dar es Salaam: wanaokaa mapokezi, wanaopanga mizigo ghalani, wanaojibu simu za wateja na wanaosimamia mitambo viwandani. Anayeyajibu ni mwenzao anayetembea kwa magongo tangu utotoni, mmoja wa waliounda kamati ya wafanyakazi wenye ulemavu mahali pao pa kazi. Palipo na sheria nimeitaja kwa jina na mwaka, na palipo na maoni yangu nimesema kuwa ni yangu.

Marekebisho stahiki ni nini?

Ni mabadiliko yanayofanywa katika jengo, vifaa, ratiba au utaratibu wa kazi ili mfanyakazi mwenye ulemavu aifanye kazi ile ile aliyoajiriwa kuifanya, bila kizuizi ambacho wenzake hawakutani nacho. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia mwaka 2009, unayaeleza kuwa ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyomtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi, na unahesabu kitendo cha kuyanyima kuwa ni ubaguzi. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa maana linalitoa suala hili katika orodha ya mambo ambayo meneja anaweza kuyafikiria akipata nafasi.

Kwa kiziwi, marekebisho yanaweza kuwa mkalimani wa lugha ya alama katika vikao na taa inayowaka pamoja na king'ora cha moto. Kwa asiyeona, ni programu ya kusoma skrini, na pia hati ya mshahara inayotumwa ikiwa maandishi halisi, kwa sababu karatasi iliyopigwa picha na kutumwa hivyo hivyo mara nyingi programu hiyo huipita kimya. Kwa mtu mwenye ualbino, ni kazi ya ndani au ya kivulini katika saa za jua kali, losheni ya kuzuia jua na maandishi makubwa kwenye kompyuta. Kwa anayetumia kiti mwendo, ni mteremko anaoweza kuupanda mwenyewe: kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kwenda juu zinahitaji sentimita 120 za urefu. Ukipima mteremko ulio mbele ya ofisi nyingi za jiji hili utaona kwamba aliyeujenga alikuwa akifikiria mikokoteni ya mizigo.

Kuna jambo dogo ambalo kamati nyingi hulisahau, nalo ni mashine ya mahudhurio. Mashine inayosoma alama za vidole haimtambui aliyepoteza vidole, na ile inayosoma uso, ikifungwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, haimwoni aliyeketi kwenye kiti mwendo. Mfanyakazi huyo hufika saa moja na nusu asubuhi, akaandikwa kuwa hakufika, kisha mwisho wa mwezi akakatwa mshahara.

Bosi wangu ananielewa vizuri. Kwa nini nijiunge na wengine?

Nami nilikuwa na bosi wa namna hiyo. Katika kampuni niliyoanzia kazi, msimamizi wangu aliniona nikipanda ngazi hadi ghorofa ya nne siku ambayo umeme ulikatika, kwa kuwa jenereta ya jengo iliwasha taa na kompyuta lakini haikuunganishwa na lifti. Kesho yake alinihamishia meza kwenye ghorofa ya chini, bila barua wala fomu. Nilimshukuru na ninamshukuru hata leo. Baada ya mwaka na miezi michache akahamishiwa tawi la mkoani, akaja mwingine aliyetaka timu yake yote ikae pamoja, nami nikarudishwa juu. Nilipoeleza kwamba nilikuwa na makubaliano, niliulizwa yameandikwa wapi.

Katika wiki hizo za kupanda na kushuka ndipo nilipotambua kwamba katika jengo lile tulikuwa wanne wenye shida ya lifti: mimi, dada mmoja mwenye pumu kali, kaka mmoja aliyepona ajali ya bodaboda akiwa na vyuma mguuni, na mama mmoja wa uhasibu aliyekuwa akificha maumivu ya nyonga kwa kuhofia kustaafishwa mapema. Kila mmoja alikuwa amekwenda peke yake kwa bosi wake kuomba, na kila mmoja alikuwa amejibiwa kama mtu mwenye tatizo lake binafsi. Tulipoandika barua moja yenye sahihi nne, swali liligeuka na kuwa la jenereta. Lifti iliunganishwa ndani ya miezi miwili.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hisani ya bosi mwema huondoka naye anapohama, ilhali utaratibu ulioandikwa na kutiwa sahihi hubaki ofisini.

Ni sheria zipi zinazotulinda?

Ya kwanza ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi katika ajira, na inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Ya pili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Watu wengi huidhania kuwa ni ya mambo ya likizo na mishahara tu, lakini imetaja ulemavu waziwazi miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwayo, iwe moja kwa moja au kwa njia ya mzunguko. Ubaguzi wa mzunguko ni ule wa sharti linaloonekana kuwa la wote ilhali linawaumiza baadhi, kama vile kumtaka kila anayepandishwa cheo awe na leseni ya udereva hata kama cheo chenyewe hakina safari. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Ninashauri kila kamati ianze kwa barua fupi ya kuomba nakala ya mpango huo. Ukiwapo, mtayaona mapungufu yake. Usipokuwapo, mtakuwa mmeshapata hoja ya kwanza ya kikao.

Kuna vilevile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambayo hutusaidia katika masuala ya njia za dharura. Mpango wa kuokoana wakati wa moto unaowaambia watu wote watumie ngazi, bila kusema anayetumia kiti mwendo atasaidiwa na nani na atasubiri wapi, ni mpango uliomwacha mtu ndani.

Ulemavu wangu hauonekani. Je, nahesabiwa, na ni lazima nijitangaze?

Unahesabiwa. Sheria ya mwaka 2010 haiutazami mwili peke yake. Inautazama ulemavu kama kupotea au kupungua kwa fursa ya kushiriki katika maisha ya jamii kwa usawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mwenzetu mwenye kifafa anayezuiwa zamu zote zenye posho, au mwenye usikivu hafifu anayepewa tathmini mbaya ya kazi kwa sababu ya vikao vya simu, ni mwenzetu kamili katika kamati.

Kujitangaza mbele ya watu wote si lazima. Ili mwajiri akufanyie marekebisho, anahitaji kujua kizuizi chako na kinachokiondoa, wala si historia yote ya matibabu yako. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, na meneja utumishi anayezisoma kwa sauti katika kikao cha idara anaivunja siri ambayo si yake. Kamati nayo iwe na ulinzi huo huo: orodha ya wanachama isiachwe kwenye kompyuta ya ofisi, na katika kundi la WhatsApp pasitajwe ugonjwa wa mtu asiyetoa idhini. Nimeona kamati nzuri ikivunjika kwa sababu ya ujumbe mmoja uliosambazwa nje ya kundi.

Kampuni yetu imetimiza asilimia 3. Je, imemaliza wajibu wake?

Haijamaliza. Kuajiri ni mlango tu. Kampuni inaweza kuwa na hesabu kamili ya watu na bado ikawaweka wote katika chumba kimoja cha kupokea simu, kwa mishahara ya ngazi ya chini, bila hata mmoja aliyepandishwa cheo. Kamati iulize idadi, kisha iulize wako wapi, wanalipwa daraja gani, na wamekaa katika nafasi hiyo kwa miaka mingapi.

Tuanzishe kamati, tusajili chama kipya, au tujiunge na tawi la chama lililopo?

Hili ndilo swali linalotugawa zaidi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho, na chama kinaweza kuanzishwa na wafanyakazi wasiopungua 20. Kwa hesabu hiyo, wafanyakazi wenye ulemavu wa kampuni kubwa wanaweza kufikiria kusajili chama chao. Nakiri kwamba wazo hilo linavutia, hasa kwa waliowahi kukaa katika mkutano wa tawi usiokuwa na mkalimani. Lakini haki ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote hutolewa kwa chama chenye wanachama walio wengi katika eneo husika la majadiliano. Sisi ni wachache popote tulipo, na chama chetu peke yetu kingekuwa na muhuri bila meza ya kukaa.

Maoni yangu ni kwamba njia bora ni kuwa ndani ya tawi na wakati huo huo kuwa na kamati yetu. Tawi, liwe la TUICO kwa walio viwandani, kwenye biashara na benki, la TEWUTA kwa walio katika mawasiliano, au la CHODAWU kwa walio hotelini, ndilo linalojadiliana na kutia sahihi mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri kuhusu masharti ya kazi. Kamati yetu ndiyo inayoandika kipengele cha ulemavu na kuhakikisha kwamba hakiangushwi katika usiku wa mwisho wa majadiliano, wakati kila upande unapunguza madai yake. Kwa ajili hiyo, mwombeni mwenyekiti wa tawi nafasi moja ya kudumu katika timu ya majadiliano. Akisita, mkumbusheni kwamba ada za wanachama wenye ulemavu zinakatwa kwenye mshahara kama za wengine.

Nje ya kampuni tuna ndugu wa siku nyingi. SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, na ndani yake kuna vyama kama CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona na TAS cha watu wenye ualbino. Vyama hivi vinaweza kuwaelekeza kwa wakalimani wenye uzoefu na kukagua rasimu ya madai yenu. Msiwaite tarehe 3 Desemba tu, siku ya maadhimisho, ambapo kila kampuni hutaka kupiga picha nao.

Madai yaandikwe vipi?

Yaandikwe kwa vipimo, mahali na tarehe. Sentensi kama "tunaomba mazingira rafiki" humpa mwajiri nafasi ya kupaka rangi choo na kusema amejibu. Chukueni futi ya fundi, mzunguke jengo zima mkiwa na mwenzenu wa kiti mwendo, mwenzenu wa fimbo nyeupe na mwenzenu kiziwi, kisha muandike mnachokikuta: upana wa mlango wa choo kwa sentimita, kimo cha kaunta ya mapokezi, ngazi zisizo na mkono wa kushikia, tangazo lililotolewa kwa kipaza sauti pekee. Anzieni mfanyakazi anaposhukia. Kituo cha mwendokasi kinaweza kuwa na sakafu inayolingana na mlango wa basi, lakini kati ya kituo na lango la ofisi kukawa na mtaro ulio wazi na pikipiki zilizoegeshwa njiani. Mtaro huo si wa mwajiri, ila muda wa kuripoti kazini ni wake, na kuruhusu mtu aingie saa tatu na kutoka saa kumi na moja, baada ya msongamano wa daladala wa asubuhi kupungua, hakumgharimu shilingi.

Baada ya orodha ya vizuizi, dai la msingi kabisa liwe ni utaratibu: nani anapokea ombi la marekebisho, analijibu kwa maandishi ndani ya siku ngapi, akikataa anatoa sababu gani, na mfanyakazi anakata rufaa kwa nani. Kipengele kingine kiseme kwamba marekebisho yaliyokubaliwa yanabaki na mfanyakazi hata meneja akibadilika au idara ikihamishwa. Mngeniambia nichague vipengele viwili tu vya kupigania, ningechagua hivyo.

Dai la mkalimani liandikwe kwa uangalifu. Kikao cha saa nzima na zaidi kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa kuwa kutafsiri kwa mikono mfululizo kunachosha akili na mabega, na mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno. Kumtumia mfanyakazi mwenzako "anayejua alama kidogo" katika kikao cha nidhamu ni hatari kwa kiziwi ambaye ajira yake inajadiliwa.

Mwajiri akisema hakuna bajeti?

Ombeni hesabu. Mengi ya tunayoyadai hayana gharama kubwa: NVDA, programu ya kusoma skrini inayotumika duniani kote, hutolewa bure, na kuhamisha meza, kushusha mashine ya mahudhurio na kubadilisha zamu ni kazi ya siku moja. Kwa yale yenye gharama halisi, kama lifti, mkubali yapangwe kwa awamu, mradi kila awamu iwe na mwezi wake katika muhtasari wa kikao. Mzigo uliopita kiasi ni jambo la kuonyeshwa kwa tarakimu, na ukubwa wa kampuni nao uwekwe kwenye mizani. Kampuni yenye matawi nchi nzima haiwezi kutumia utetezi wa duka la mtu mmoja.

Akisema jengo ni la kupanga?

Mkataba wa pango huwa na tarehe ya kuhuishwa, na siku hiyo mpangaji mkubwa husikilizwa. Ulizeni tarehe hiyo ni lini. Wakati mnasubiri, kazi ihamishiwe ghorofa inayofikika.

Wenzetu wasio na ulemavu wanasema tunapendelewa. Tuwajibu nini?

Waelezeni bila hasira. Mwenzako anayeona amepewa skrini na taa, na mwenzako anayesikia amepewa simu. Hakuna anayeviita upendeleo kwa sababu vimekuwapo tangu siku ya kwanza. Waonyesheni pia kwamba mjamzito wa miezi minane naye anautumia mteremko, na kwamba aliyevunjika mguu kwenye bonanza la kampuni aliutafuta mkono wa ngazi uliopatikana kwa sahihi zetu. Hata hivyo, pale ambapo zamu ya mmoja imebadilishwa na kumwongezea mwingine kazi, malalamiko yao ni ya haki, nayo yaelekezwe kwa mwajiri aongeze mtu.

Nimepata ulemavu nikiwa tayari kazini. Naweza kuachishwa?

Sheria ya mwaka 2004 inasema kwamba sababu inayohusiana na ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Palipo na ugonjwa au jeraha, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri apime kiwango cha tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa, kabla ya kufikiria kumwondoa mtu. Una haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ikiwa umeumia kazini au kwa sababu ya kazi, dai lako liende kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mafao yake yanajumuisha huduma za utengamao, yaani kusaidiwa urejee kazini. Usitie sahihi barua ya "makubaliano ya kuachana" ukiwa bado wodini. Wenzetu kadhaa wameletewa kalamu kitandani.

Tukilipiziwa kisasi?

Kumwachisha mtu kazi kwa kuwa mwanachama wa chama, kwa kushiriki shughuli halali za chama au kwa kudai haki aliyopewa na sheria kumekatazwa. Lakini kisasi cha kampuni kubwa mara chache huja kwa barua ya kufukuzwa. Huja kwa tathmini mbaya ya ghafla, kwa uhamisho wa kwenda tawi lisilofikika, kwa kuondolewa katika orodha ya mafunzo. Andikeni kila tukio, tarehe yake na waliokuwepo, na mtunze nakala nyumbani.

Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Shikeni mipaka miwili hii ya muda: malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Siku hizo zinahesabiwa hata kama meneja utumishi anakuahidi kila Ijumaa kwamba jambo linashughulikiwa. Wafanyakazi wenye lalamiko moja wanaweza kulifungua pamoja, mmoja akatia sahihi kwa niaba yao, mradi iambatishwe orodha ya waliomtuma yenye sahihi zao. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwapo.

Tunaweza kugoma?

Mgomo umewekewa migogoro ya maslahi, kama ya nyongeza ya mshahara, tena baada ya usuluhishi kushindikana na notisi kutolewa. Kunyimwa haki ambayo sheria imeshaitoa ni lalamiko la kupelekwa CMA. Msimwache mwenzenu yeyote ajitose katika mgomo kabla ya kuzungumza na viongozi wa chama.

Nimeajiriwa kupitia wakala, au bado niko kwenye majaribio. Nina nafasi katika kamati?

Unayo. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana kinga ya kifungu cha kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo kamati isimtume kuwa msemaji, bali imsemee. Marufuku ya ubaguzi inamhusu kama wengine, hata siku ya usaili. Aliyeletwa na wakala ana ugumu wa kusukumwa huku na huku, wakala akisema jengo si lake na kampuni ikisema mtu si wake. Barua yenu iandikwe kwa wote wawili, kila mmoja akiona kwamba mwenzake amepata nakala.

Vikao vyetu vifanyike wapi na saa ngapi?

Mahali ambapo kila mwanachama anaweza kufika, kuingia chooni na kutoka bila kubebwa. Kamati yetu ilifanya kikao chake cha kwanza juu ya mgahawa mmoja Kariakoo, na wawili wakabaki chini wakitusubiri. Tuliwaomba radhi, na tangu siku hiyo mwanachama mmoja hutangulia kukagua mahali kabla ya tangazo kutoka. Kikao kianze saa kumi na nusu jioni na kiishe kabla ya giza, kwa kuwa asiyeona vizuri usiku na anayevuka kwa kivuko kwenda Kigamboni hawapaswi kuchagua kati ya kuhudhuria na kufika nyumbani salama. Ajenda itumwe mapema kwa maandishi ambayo simu inaweza kuyasoma, mkalimani akae mahali penye mwanga, na anayezungumza ataje jina lake kwanza.